Tarehe 18 Machi: kwa nini mafao ya ustawi wa jamii huvunja vyama vya Uingereza kutoka ndani

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Tunapojadili siasa za Uingereza hapa, mara nyingi tunasimulia kujiuzulu kwa waziri kama kisa cha dhamiri ya mtu mmoja au ubabe wa bosi wake, na hesabu iliyowafikisha hapo tunaiacha pembeni. Mimi naona hesabu ndiyo kisa chenyewe, na nitaanza na tarehe.

Ijumaa usiku, tarehe 18 Machi 2016, Iain Duncan Smith, aliyekuwa Waziri wa Kazi na Pensheni katika serikali ya Conservative ya David Cameron, alijiuzulu. Ilikuwa siku ya pili tu tangu Waziri wa Fedha, George Osborne, asome bajeti. Miaka tisa baadaye, tarehe hiyo hiyo ya 18 Machi 2025, Liz Kendall wa chama cha Labour, akiwa ameshika wizara ile ile, alisimama Bungeni na kutangaza mpango wa kupunguza fao lile lile lililomng'oa mwenzake. Kabla ya mwezi Julai kwisha, mnadhimu mmoja wa serikali alikuwa amejiuzulu, wabunge zaidi ya 120 wa chama tawala walikuwa wametia saini hoja ya kuuzuia muswada wa serikali yao, na kiini cha muswada huo kilikuwa kimeondolewa huku mjadala ukiendelea.

Fao lenyewe linajulikana kwa herufi PIP. Hulipwa mtu mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu ili kufidia gharama ambazo mtu mzima wa afya hana, na hulipwa awe anafanya kazi au hafanyi. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi, hata huku, hudhani ni posho ya wasio na ajira. Katika mwaka wa fedha 2025/26 sehemu ya mahitaji ya kila siku ililipwa pauni 73.90 kwa wiki kwa kiwango cha kawaida na pauni 110.40 kwa kiwango cha juu. Anayeomba hupimwa kwa alama katika shughuli kumi, zikiwemo kupika, kula, kuoga, kwenda chooni na kuvaa. Akifikisha alama 8 analipwa kiwango cha kawaida, na akifikisha 12 analipwa kiwango cha juu.

Tuchukue kuoga peke yake. Mtu anayehitaji kusaidiwa kunawa nywele, au mwili kuanzia kiunoni kwenda chini, hupata alama 2. Anayehitaji kusaidiwa kuingia au kutoka bafuni hupata 3. Anayehitaji kuoshwa sehemu ya kati ya mabega na kiuno hupata 4. Sasa, mpango wa 2025 ulisema kwamba, zaidi ya jumla ya alama 8, mwombaji lazima awe na alama 4 katika shughuli mojawapo. Mama asiyeweza kunawa miguu yake, asiyeweza kuvaa sketi bila kushikwa, anayepika kwa maikrowevu tu kwa sababu jiko la kawaida limemshinda, na anayehitaji kifaa cha kumshikilia anapokaa na kuinuka chooni, ana alama 2 mara nne. Kwa kanuni za siku zote anastahili. Kwa kanuni iliyopendekezwa hana kitu, kwa sababu udhaifu wake umetawanyika mwilini badala ya kukusanyika mahali pamoja.

Mpango wa Osborne wa 2016 ulipita njia nyingine lakini uligonga watu wa aina hiyo hiyo. Uligusa wale wanaotumia vifaa, kwa mfano vyuma vya kushikilia ukutani, na ukataka alama za kutumia vifaa katika kuvaa na kwenda chooni zikatwe nusu. Watu wapatao 640,000 wangeguswa, na Hazina ingeokoa pauni bilioni 4.4 kufikia mwaka wa fedha 2020/21.

Swali langu ni hili: kati ya kanuni za alama na kiasi cha fedha, kipi kilitangulia? Osborne alikuwa amejifunga kwa ahadi ya kuwa na ziada katika bajeti kufikia mwisho wa muhula. Rachel Reeves, Waziri wa Fedha wa Labour wakati wa Kendall, naye alijiwekea sheria kwamba matumizi ya kawaida ya serikali yalipwe kwa mapato, bila kukopa, kufikia 2029/30, na nafasi ya kupumulia aliyoiacha ndani ya sheria hiyo ilikuwa pauni bilioni 9.9, kiasi kidogo sana kwa nchi yenye uchumi wa ukubwa ule. Mpango wa Kendall ulitangazwa kwamba ungeokoa takriban pauni bilioni 5 kwa mwaka. Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti, chombo huru kinachokagua hesabu hizo, ilipoona kwamba akiba ingekuwa pungufu ya hapo, serikali ilirudi mezani ndani ya siku chache na kuongeza makato mengine, ili kauli ya Reeves ya tarehe 26 Machi isomwe hesabu ikiwa imekaa sawa. Anayerekebisha mfumo kwa nia ya kuurekebisha hafanyi marekebisho ya nyongeza kwa siku nane kwa sababu jumla haikutimia.

Tarehe hiyo hiyo ya 26 Machi, wizara ya Kendall yenyewe ilichapisha makadirio kwamba watu 250,000 wangetumbukia katika umaskini, watoto 50,000 wakiwemo. Mbunge wa Labour aliyeingia siasani kupitia chama cha wafanyakazi au shirika la misaada la mtaani kwake alikabidhiwa karatasi hiyo na kutakiwa akaitetee kwa wapiga kura wake. Ndipo chama kilipoanza kupasuka.

Mchangiaji wa kwanza (Dodoma)

Nashukuru kwa maelezo, mkuu. Kinachonishangaza mimi ni kitu kimoja: wabunge zaidi ya 120 wanaasi hadharani, na bado ni wabunge. Hapa kwetu mbunge akivuliwa uanachama ubunge nao umekwisha. Hao wenzetu wanaadhibiwaje? Na huyo mnadhimu aliyejiuzulu ni nani hasa, mbona unamtaja kana kwamba ana uzito kuliko waziri?

Mleta uzi

Umeuliza mambo mawili yanayokwenda pamoja, mkuu.

Mnadhimu wa serikali, ambaye Wakenya humwita kiranja, ni mbunge ambaye kazi yake ni kuwahesabu wenzake kabla ya kura, kuwabembeleza wanaosita, na kuwatisha wasiobembelezeka. Vicky Foxcroft, mbunge wa Lewisham North, alikuwa na kazi hiyo, na kabla ya hapo, chama kikiwa upinzani, alikuwa msemaji wake kuhusu watu wenye ulemavu. Alijiuzulu tarehe 19 Juni 2025, siku kumi na mbili kabla ya kura, akisema hawezi kuupigia kura muswada unaokata fedha za watu wenye ulemavu. Hakuwa na jina kubwa. Uzito wake ulikuwa katika kiti alichokalia, maana mtu aliyekuwa akizihesabu kura kutoka ndani alipotoka nje, kila mbunge aliyekuwa akisita alijua kwamba hayuko peke yake. Siku chache baadaye ikaja hoja ya Meg Hillier, mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hazina, na saini zikamiminika. Wengi wa waliosaini walikuwa watu wa kamati, wapole, wasio na historia ya kumsumbua Waziri Mkuu Keir Starmer.

Kuhusu adhabu, tofauti ni kubwa kama ulivyosema. Kwa Katiba yetu, mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka Bungeni hupoteza kiti. Uingereza kiti ni cha mtu. Chama kinaweza kumwondoa kwenye kundi lake la wabunge, akakaa kama mbunge huru, akaendelea kulipwa mshahara na kupiga kura, na tatizo lake likawa uchaguzi ujao, atakapohitaji chama kimteue tena. Starmer alilitumia rungu hilo mapema: Julai 2024, wiki chache tu baada ya ushindi mkubwa wa viti 411, wabunge saba waliondolewa kwenye kundi kwa miezi sita kwa kupiga kura ya kutaka kufutwa kwa ukomo wa watoto wawili, ile sheria iliyoanza kutumika 2017 ya kuinyima familia fao la mtoto wa tatu na wanaofuata. Miongoni mwao walikuwa John McDonnell, Rebecca Long-Bailey na Zarah Sultana.

Rungu linafaa kwa watu saba. Kwa watu 120 halifai, kwa sababu ukiwatoa wote hao umejiondolea wingi wako mwenyewe Bungeni. Kwa hiyo serikali ilianza kurudi nyuma: tarehe 27 Juni ikatangaza kwamba kanuni ya alama 4 isiwaguse wanaolipwa tayari, iwahusu waombaji wapya tu. Hillier akaridhika, wengine wakakataa. Tarehe 1 Julai, huku wabunge wakiendelea kuzungumza, Waziri Stephen Timms akasimama na kusema kifungu cha tano, chenye kanuni yenyewe, kinaondolewa kusubiri mapitio ya PIP yatakayoongozwa na yeye. Muswada ukapita kusomwa kwa mara ya pili kwa kura 335 dhidi ya 260, wabunge 49 wa Labour wakiwa upande wa kuupinga. Kesho yake Reeves alionekana akitokwa machozi wakati wa maswali kwa Waziri Mkuu, mwenyewe akieleza kuwa ni jambo lake binafsi, na riba ya mikopo ya serikali ikapanda kwa saa kadhaa kwa sababu wafanyabiashara wa fedha walihofu kwamba anaondoka.

Mchangiaji wa pili (London)

Kaka, uzi ni mzuri, ila umemtendea Duncan Smith kwa hisani asiyostahili. Nilikuwa hapa miaka ile. Huyu ndiye aliyesimamia wizara kwa miaka sita, na ndiye aliyeleta makato ya wenye chumba cha ziada kwenye nyumba za halmashauri mwaka 2013, yale watu waliyoyaita kodi ya chumba cha kulala. Siku chache tu kabla ya kujiuzulu Bunge lilikuwa limepitisha kupunguza karibu pauni 30 kwa wiki kwa wagonjwa wanaoandaliwa kurudi kazini, na yeye alikuwa waziri na aliunga mkono. Ghafla dhamiri ikaamka siku ya Ijumaa? Kura ya maoni ya Umoja wa Ulaya ilikuwa miezi mitatu mbele, yeye yuko kambi ya kujitoa, Cameron na Osborne wako kambi ya kubaki. Alitafuta jiwe la kuwarushia, akalikuta kwenye bajeti.

Mleta uzi

Kaka, sehemu kubwa ya hayo nakubaliana nawe, na hukuwa peke yako kuyasema. Ros Altmann, aliyekuwa waziri mdogo wa pensheni chini yake, alitoa taarifa wikiendi ile ile akidai kwamba bosi wake alilenga kuudhoofisha uongozi wa chama kwa ajili ya kura ya Ulaya. Mawaziri wadogo wengine wa wizara hiyo hiyo walijitokeza kumtetea. Fikiria wizara moja, mawaziri wanaokaa korido moja, wanajibizana kupitia vyombo vya habari Jumamosi na Jumapili. Cameron naye alimjibu kwa barua akisema ameshangazwa, kwa kuwa mpango huo walikuwa wameukubali pamoja.

Lakini tutofautishe nia ya mtu na hoja aliyoitoa. Barua yake haikusema kwamba makato ni mabaya kwa asili yake. Ilisema kwamba hayateteeki yakiwekwa ndani ya bajeti inayowanufaisha wenye vipato vikubwa, na bajeti ile kweli ilishusha kodi ya faida ya mitaji kutoka asilimia 28 hadi 20, na ikainua kiwango cha kipato ambacho kodi ya juu huanzia. Jumapili yake kwenye televisheni akaongeza kwamba chama chake kinawakata watu wasiokipigia kura. Kwa mtu aliyewahi kuwa kiongozi wa chama hicho, kuanzia 2001 hadi 2003, hilo lilikuwa zito kuliko tusi. Na liliuma kwa sababu wabunge wengi wa chama wasio mawaziri walikwisha kulifikiria. Mrithi wake, Stephen Crabb, aliyeteuliwa Jumamosi, alitangaza Bungeni Jumatatu kwamba makato ya PIP yamefutwa. Kama ni jiwe tu la kurusha, kaka, mbona waliorushiwa hawakulirudisha? Walilifuta kwa sababu hawakuwa na kura za kulipitisha.

Na hapa ndipo ninapoona mfanano ambao hautegemei chama. Mwaka 1951 Hugh Gaitskell, Waziri wa Fedha wa Labour, aliweka malipo kwenye meno bandia na miwani, vitu vilivyokuwa vikitolewa bure na huduma ya afya iliyoanzishwa 1948. Fedha zilizotarajiwa mwaka ule wa kwanza zilikuwa pauni milioni 13. Mpango wa silaha aliokuwa akiugharamia, wakati wa vita vya Korea, ulikuwa wa pauni milioni 4,700 kwa miaka mitatu. Aneurin Bevan, aliyeijenga huduma hiyo kwa mikono yake, alijiuzulu, na Harold Wilson akamfuata. Ukiziweka namba hizo mbili kando kwa kando, utaona kwamba milioni 13 zisingeokoa bajeti wala kuiangusha. Gaitskell alitaka kuonyesha kwamba Hazina inaweza kumkatalia hata Bevan, na chama kililipia onyesho hilo kwa mgawanyiko wa miaka mingi, upande mmoja ukiitwa wa Bevan na mwingine wa Gaitskell.

Mwaka 1931 ilikuwa mbaya zaidi: Baraza la Mawaziri la Ramsay MacDonald liligawanyika 11 kwa 9 juu ya kukata asilimia 10 ya fao la wasio na kazi, serikali ikaanguka, na yeye akaunda nyingine akiwa na Conservative, akafukuzwa kwenye chama alichokijenga. Desemba 1997 wabunge 47 wa Labour walipinga kukatwa kwa fao la wazazi wanaolea peke yao, na Malcolm Chisholm akaacha uwaziri mdogo. Waziri Mkuu Tony Blair na Waziri wake wa Fedha Gordon Brown walikuwa wameahidi kufuata makadirio ya matumizi ya serikali waliyoiondoa madarakani, hivyo hata namba yenyewe haikuwa yao, waliirithi. Na Julai 2015, Harriet Harman akishikilia uongozi kwa muda, aliwaagiza wabunge wa Labour wasipige kura juu ya muswada wa Osborne wa kupunguza mafao. Wabunge 48 walikaidi. Katika wagombea wanne wa uongozi ni mmoja tu aliyepiga kura ya hapana, Jeremy Corbyn, na Septemba alishinda kwa asilimia 59.5 ya kura.

Mchangiaji wa tatu (Leicester)

Mimi ni Mkenya, natunza wazee na wenye ulemavu majumbani, na ninashukuru kwa huo mfano wa kuoga, ndugu yangu. Ndiyo kazi yangu kila asubuhi. Kuna bibi ninayemwosha miguu na mgongo wa chini, juu anajiosha mwenyewe kwa kitambaa na inamchukua nusu saa, na hataki kabisa nimguse huko. Sikujua kwamba heshima yake hiyo ina bei ya alama 2. Sisi wenye viza za kazi mafao hayo hayatuhusu, hati zetu zimeandikwa wazi kwamba hatuna haki ya fedha za umma, kwa hiyo watu wakitulaumu kuwa tunazimaliza huwa nanyamaza tu. Nina swali moja. Huyo bibi anatunzwa usiku na binti yake, aliyeacha kazi. Binti alikuwa akilipwa pauni 83.30 kwa wiki katika mwaka wa fedha 2025/26. Je, mama angekatwa, binti naye angeguswa?

Mleta uzi

Ndiyo, dada, angeguswa. Fao la mtunzaji analolipwa binti yule, kwa sharti la kutunza angalau saa 35 kwa wiki, hutegemea anayetunzwa awe anapokea fao kama PIP la mahitaji ya kila siku. Mama akikosa, binti naye anakosa siku hiyo hiyo, na nyumba moja inapoteza mapato mawili kwa uamuzi mmoja. Makadirio yalikuwa kwamba watu 370,000 waliokuwa wakilipwa wangepoteza haki yao wakati wa kupimwa upya, kwa wastani wa pauni 4,500 kwa mwaka kila mmoja, na hapo watunzaji hawajahesabiwa. Wabunge waliosikia habari hizo kwa wapiga kura wao ofisini kila Ijumaa ndio waliosaini.

Ila msidhani kwamba waasi walishinda kila kitu, na hili halikuzungumzwa sana kwa sababu vyombo vya habari vilishikwa na machozi ya Reeves. Muswada ulipita kusomwa kwa mara ya tatu tarehe 9 Julai kwa kura 336 dhidi ya 242. Wiki moja baadaye wabunge wanne, Rachael Maskell akiwemo, waliondolewa kwenye kundi la chama, na Septemba Kendall alihamishiwa wizara ya sayansi na nafasi yake kupewa Pat McFadden. Novemba serikali ikatangaza kwamba ukomo wa watoto wawili utafutwa kuanzia Aprili 2026, yaani jambo lile lile ambalo wale saba waliadhibiwa kwa kulipigia kura.

Kilichobaki ndani ya sheria ni nyongeza ya ugonjwa kwenye fao kuu la wenye kipato kidogo. Waliokuwa wakilipwa (takriban pauni 97 kwa wiki katika mwaka wa fedha 2025/26) wanaendelea na kiwango chao. Wanaoomba kuanzia Aprili 2026 wanapata takriban pauni 50, isipokuwa walio karibu na kufa na wale ambao hali yao ni mbaya na haitarajiwi kubadilika. Kwa hiyo dada, utakapokuwa kwenye mizunguko yako utakutana na wagonjwa wawili wa mtaa mmoja, ugonjwa mmoja, dawa zile zile mezani, mmoja akilipwa karibu mara mbili ya mwenzake kwa sababu aliugua mapema.

Mchangiaji wa pili (London)

Na mapitio ya Timms je, kaka?

Mleta uzi

Yaliahidiwa kukamilika majira ya vuli 2026, safari hii kwa kuwashirikisha watu wenye ulemavu wenyewe. Mimi nitaangalia bajeti itakayoyafuata, nione kama Hazina imekwisha kuandika kiasi cha akiba kabla ripoti haijafunguliwa.